Mtetemo wa arifa: pengo kwanza, nguvu baadaye

Mtumiaji akilalamika kwamba simu "inanguruma tu", wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya mtetemo. Mimi huangalia pengo kwanza, yaani ukimya kati ya mtetemo mmoja na unaofuata. Vidole hutambua mdundo upesi kuliko vinavyopima nguvu, na mdundo bila ukimya katikati ni kelele tu.

Mota inayotikisa simu ndiyo inayoamua pengo liwe kiasi gani, nayo ni ya aina mbili. Ile ya bei nafuu ina kizito kilichoegemea upande mmoja wa mhimili. Ikizunguka, simu inatikisika. Huchukua takriban milisekunde 50 hadi 100 kushika kasi, na hata umeme ukikatwa huendelea kuzunguka kidogo. Ya pili ina kizito kinachokwenda na kurudi juu ya springi, kwenye masafa yake ya asili, mara nyingi kati ya 150 na 235 Hz (mara kwa sekunde). Hii huwahi kuanza na huwahi kunyamaza.

Chukua mpangilio 0, 30, 40, 30. Namba ya kwanza ni kusubiri, kisha tetema, nyamaza, tetema, zote kwa milisekunde. Kwenye mota ya springi utapata mipigo miwili safi. Kwenye mota ya kuzunguka utapata mguno mmoja hafifu, au usipate kitu, kwa sababu umeme umekatwa kabla kizito hakijachangamka. Kwa simu za aina hiyo naanzia 0, 120, 150, 120, halafu napunguza taratibu hadi mipigo ianze kugandana.

Nguvu yenyewe, kwenye Android kuanzia toleo la 8, hupangwa kwa 1 hadi 255. Ila simu isiyoweza kurekebisha nguvu hupiga kwa kiwango kilekile, uandike 80 au 200. Ukiwa umetofautisha ujumbe wa kawaida na wa dharura kwa nguvu peke yake, mwenye simu hiyo haoni tofauti yoyote. Uliza kwanza kwa `hasAmplitudeControl()`, amri inayojibu kama simu inaweza kurekebisha nguvu, na hata ukijibiwa ndiyo, tofautisha kwa mdundo.

Kuna kero moja inayokula saa nzima za watu: chaneli ya arifa, yaani kundi la arifa lenye mipangilio yake kwenye Android, ikishaundwa, programu haiwezi tena kubadili mtetemo wake. Unabadilisha namba, unaendesha upya, simu inatetema vilevile. Kufuta chaneli na kuiunda kwa kitambulisho kilekile hakusaidii, maana mipangilio ya zamani hurudi nayo. Wakati wa majaribio ondoa programu uisakinishe upya. Kwa watumiaji walio nayo tayari, toa kitambulisho kipya.

Kupima ukiwa umeshika simu mkononi hakutoshi. Iweke mezani, ambako mtetemo mpole hugeuka ngurumo, kisha mfukoni huku unatembea, maana hatua za miguu humeza mipigo mifupi. Kava nene la mpira nalo hupunguza makali. Mpangilio usiohisika mfukoni nautupa, hata kama mkononi ulikuwa mtamu kiasi gani.