Masurufu ya mwanangu: yalivyopangwa na yanapokomea

Nilipoachwa mwaka 2016, mwanangu alikuwa na miaka tisa. Mahakama ya Kadhi hapa Malindi, Kenya, ilishughulikia talaka, salio la mahari na masurufu ya eda, yaani ya kile kipindi ambacho mwanamke aliyeachwa hungoja kabla ya kuolewa tena, na eda ilipokwisha mtalaka wangu aliona amemaliza haki zote. Nami nilidhani hivyo kwa miezi kadhaa, nikimlisha mtoto kwa mahamri na mbaazi ninazouza asubuhi, mpaka afisa wa watoto aliponiambia, "Mama, eda ilikuwa haki yako wewe. Haki ya mtoto hujaidai bado." Akanifungulia Katiba, kifungu cha 53, kinachosema kuwa baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana, kisha akanielekeza Mahakama ya Watoto.

Niliingia mle nikiamini kuwa sheria imeweka fungu maalumu, labda theluthi ya mapato ya baba. Hakuna fungu kama hilo. Hakimu hupima mahitaji ya mtoto, namna alivyokuwa akilelewa na kusomeshwa, ulemavu au maradhi kama yapo, kisha mapato, mali na mizigo mingine ya kila mzazi. Ndiyo maana sote wawili tulitakiwa kuapa hati ya mapato, na nilipoulizwa faida ya mahamri yangu kwa siku nilihisi kudhalilishwa. Sasa naona lilikuwa swali la haki, kwa sababu wajibu ni wa wawili.

Kilichonisaidia ni daftari. Kwa miezi mitatu nilikuwa nimeandika kila shilingi iliyomwendea mtoto: maziwa, sabuni, nauli ya tuktuk kwenda zahanati, viatu vya shule vilivyopasuka soli kabla ya muhula kwisha, na risiti nimezibana kwa pini pembeni ya ukurasa. Hakimu alilifungua, akasoma kimya kimya kurasa nne au tano, kisha akamgeukia baba mtoto na kumuuliza ni kipi kati ya hivyo ambacho mtoto hakihitaji. Hakujibu kitu.

Shida ilikuwa mapato yake. Yeye ni nahodha wa mashua. Kaskazi inapovuma bahari hutulia, wageni huja na samaki hupatikana, lakini kusi ikiingia mashua hukaa ufuoni wiki nzima. Alitaja kipato cha kusi peke yake, nami nikataja cha kaskazi peke yake. Mwishowe tulikubaliana, na mahakama ikaidhinisha, kuwa atoe shilingi 9,000 kwa mwezi wakati wa kaskazi na 5,000 wakati wa kusi, na karo ailipe moja kwa moja shuleni. Dada zangu walinilaumu kwa kuikubali hiyo 5,000, lakini mimi nilitaka kiasi ambacho hatapata udhuru wa kutokukitoa.

Hata hivyo aliwahi kuruka miezi minne, akidai mashua imeharibika. Anayepungukiwa hana ruhusa ya kujipunguzia mwenyewe. Hurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, na mlango huo uko wazi kwa pande zote mbili. Nilipeleka orodha ya jumbe za M-Pesa ikionyesha miezi iliyokosekana, naye akaitwa aeleze kwa nini asipelekwe jela ya madai, yaani kifungo cha kutolipa deni. Alilipa deni lote kwa mafungu mawili.

Jambo ambalo akina mama wengi hawalijui ni ukomo. Kwa kawaida amri hukoma mtoto anapotimiza miaka 18, hata kama bado amevaa sare ya shule. Wangu alikuwa anatimiza umri huo mwaka 2025, akiwa kidato cha tatu. Sheria ya Watoto ya 2022, kama ile ya 2001 iliyoitangulia, inairuhusu mahakama kuurefusha wajibu wa wazazi kupita umri huo ikiwa kuna sababu mahususi. Sikungoja siku ya kuzaliwa ipite. Miezi miwili kabla yake niliwasilisha ombi pamoja na barua ya mwalimu mkuu na karatasi ya karo, na mahakama ikairefusha amri mpaka mwanangu atakapomaliza mtihani wa kidato cha nne. Akipata nafasi chuoni, amri hii haitamfuata huko. Itabidi ombi jipya lipelekwe, pamoja na barua ya chuo.