Chumba baridi cha samaki na gesi iliyopanda bei

Bei ya R-22, gesi ya kupozea iliyomo kwenye mitambo mingi ya zamani, ilipopanda, wateja wangu hapa Mwanza waliamini mafundi tumekula njama. Sikuwalaumu. Mwenye samaki Kirumba ana hofu moja tu: sangara wasilainike kabla gari halijaondoka.

Kumbe sababu iko mbali na sisi. Itifaki ya Montreal ya 1987 inazitaka nchi zinazoendelea ziwe zimepunguza matumizi ya kundi la gesi ilimo R-22 kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 libaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mitambo ya zamani. R-22 inaharibu ozoni, na kilo moja ikivuja inapasha dunia joto kama kilo 1,800 hivi za hewa ukaa.

Mama mmoja mwenye chumba baridi alikuwa kila mara anaongezewa gesi. Kinapoa, kisha kinaanza kusuasua. Nilimwamkia, nikamwambia, "Mama, kabla hujanunua gesi nyingine, tutafute hii inatokea wapi."

"Wenzako huwa wanajaza tu, wanaondoka," akasema, lakini akaniachia ufunguo.

Gesi iliyobaki niliivutia kwenye mtungi kwa mashine, sikuifungulia hewani. Nikatia naitrojeni ndani ya mabomba ili isukume penye tundu, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio. Karibu na kompresa, mashine inayosukuma gesi, bomba lilikuwa na doa jeusi la mafuta yaliyoshika vumbi, na hapo ndipo mapovu yalipoanza kuchungulia. Mafuta husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo ukiyaona nje ya bomba, anzia hapo. Kibano cha kushikilia bomba kilikuwa kimelegea, mtikisiko ukalichosha bomba mpaka likapata ufa. Nikachomelea, nikabadilisha draya, yaani kichujio cha kunyonya unyevu, nikavuta vakyumu kwa utulivu kutoa hewa na unyevu, halafu nikarudisha gesi ileile na kuongezea iliyopungua kwa kupima kwenye mizani. Kujaza kwa kukisia ndiko kunakoua kompresa nyingi mjini.

Kasheshe ilikuja kwa mpwa wake, aliyesikia kwamba gesi ya kupikia inapoza vilevile na ni rahisi. Hakudanganywa kabisa: R-290 ni propani, na friza nyingi mpya zinaitumia. Ila kiwandani huwekwa kidogo, safi na kavu, kwenye friza ambayo swichi zake hazitoi cheche karibu na gesi. Ya jiko imechanganywa butani na dawa ya harufu. Uijaze kwenye mtambo wa R-22, ndani ya chumba kilichofungwa, kisha feni iwashwe na kutoa cheche? Nilikataa, na nikamwambia mama kama atamwita fundi mwingine kwa kazi hiyo, mimi asinipigie tena.

Alitaka pia kujua anunue nini baadaye. R-404A, gesi nyingine ya kupozea, nilimshauri aiache, hata kama mtambo wake ni wa bei nafuu. Haigusi ozoni, lakini nguvu yake ya kupasha dunia joto ni zaidi ya mara 3,900 ya hewa ukaa, na Marekebisho ya Kigali ya 2016 yamelipangia kundi lake lisiongezeke tena kuanzia 2024 na lipungue kwa asilimia 10 ifikapo 2029, kwa nchi nyingi zinazoendelea. Yangempata yaleyale ya R-22.

Akanunua friza mbili za R-290 kwa samaki wa rejareja. Dukani alisoma mwenyewe kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Chumba anakiwasha mzigo ukiwa mkubwa. Uzito wa gesi niliyojaza nimeuandika kwa kalamu ya wino mzito mlangoni pa mtambo, ili fundi ajaye asianze kukisia.