Mdiria wa Muhumba

Jambo wandugu! Siku ya posho (Jumamosi) asubuhi, mvua ilipokatika, nilishuka pembeni ya ziwa Kivu hapa Muhumba, mtaa wa Bukavu, kutazama ndege. Mwezi huu wa nne ndio wakati wenyewe. Mbayuwayu waliokuja kula wadudu wetu wanafunga safari kurudi Ulaya, maana huko baridi imekwisha. Kandege ka gramu kama 20 kanavuka Sahara! Walijipanga kwenye waya wa umeme (umeme wenyewe haukuwepo, kama kawaida), koo zao nyekundu kama udongo wa mtaa wetu wa Panzi.

Lakini aliyenibakiza pale hadi jua likawa kali ni mdiria, ndege mla samaki, yule wa madoa meusi na meupe. Anasimama hewani, mabawa yanapiga mbio, kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu anajitupa majini mdomo mbele. Akaibuka na sambaza, kale kasamaki kadogo ka ziwani, akaigongagonga kwenye ukingo wa mtumbwi mpaka ikatulia, akaimeza kichwa kwanza. Kifuani alikuwa na mikanda miwili, basi ni dume; jike ana mmoja tu. Na hiyo sambaza tunayogombania naye si mwenyeji wa Kivu, ililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959.

Papa mmoja mvuvi akaniuliza, “Mama, ukimaliza kuwatazama watakulipa?” Nikacheka tu.

Juma lijalo nataka kwenda pale mto Ruzizi unapotokea ziwani. Mwenye darubini ya kuniazima anitumie ujumbe, nitairudisha na sambaza za kukaanga juu.