Nilivyoachana na debe langu kubwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii habari nimeiahirisha karibu mwaka mzima kwa sababu nusu yake ni aibu yangu mwenyewe, lakini juzi dada mmoja pale ushirika wa wanawake aliniuliza eti kumtumaini Mungu kunaanzaje maana yeye anaomba, anafunga, na bado moyo unatetemeka kila mwisho wa mwezi. Nikashindwa kumjibu pale kwa dakika mbili. Kwahiyo naandika.

Mimi nafanya biashara ya nafaka hapa Dodoma mjini. Mahindi, mtama, uwele kidogo, na karanga msimu wake ukifika. Nina kibanda upande wa Majengo, na mzigo nachukua vijijini huko upande wa Haneti, tunachangia kenta wafanyabiashara watatu au wanne tunagawana nauli. Nilianza na hela ya kikoba, na kwa miaka kadhaa biashara ilikua inaenda vizuri tu, nikashukuru Mungu kanisani mbele za watu na sadaka nikatoa.

Sasa nieleze kuhusu debe. Anayenunua nafaka kijijini anajua. Kuna debe la kununulia na debe la kuuzia. La kununulia ni lile la bati limegongwa kwa ndani taratibu mpaka tumbo limetanuka, ukilitazama kwa haraka ni debe kama madebe mengine, lakini linameza kilo tatu zaidi. La kuuzia ndo la kawaida, na sado, lile kopo dogo la kupimia rejareja, kitako chake kimesukumwa juu kidogo. Hiyo ni mbali na lumbesa, ambapo gunia linajazwa mpaka kichwa kinavimba kinafungwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Mimi lumbesa nilikua siipendi, nilikua naisema vibaya kabisa, nikiamini mimi ni afadhali. Lakini debe kubwa nilikua nalo, nilinunua kwa mtu tayari limeshatanuliwa. Piga hesabu: debe 100 kwa safari moja, kilo tatu kila debe, hizo ni kilo 300, yani gunia tatu za bure kila safari. Gunia tatu hizo ndo zilikua zinalipa ada ya mtoto.

Mwaka 2022 katikati nikaanza kusoma Mithali kila asubuhi. Mama mmoja mtu mzima alitufundisha njia rahisi, Mithali ina sura 31, kwahiyo angalia tarehe ya leo soma sura hiyo hiyo, mwezi ukiisha rudia. Nilipenda kwa sababu hata ukiwa umechoka hupotei. Nasoma saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuwasha jiko, kwa tochi ya simu kama umeme umekatika.

Tarehe 11 nikakutana nayo mstari wa kwanza kabisa, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Nikasoma nikapita, nikaenda zangu mistari ya mbele. Tarehe 16 ikaja tena, sura ya 16 mstari wa 11, mizani ya haki na mawe ya kupimia ni ya Bwana. Tarehe 20 ikaja mara mbili ndani ya sura moja, mstari wa 10 na wa 23. Mara nne kwa mwezi jamani. Mwezi uliofuata mara nne tena. Na kitu cha ajabu nilichokigundua kwenye moyo wangu ni kwamba ikifika tarehe 11 nilianza kua na haraka, nakumbuka sijui kuna maji hayajatekwa, nasoma kuanzia mstari wa pili. Nilikua nakwepa mstari mmoja wa Biblia kama mtu anavyokwepa anayemdai njiani, na huku naomba Mungu anipe imani kubwa.

Nikajaribu kujitetea. Nikasema hayo ni mambo ya Agano la Kale. Nikasema wote wanafanya hivyo, nikinunua kwa debe la haki nitauza bei gani? Alafu nikawa nasoma Kumbukumbu la Torati 25, Musa anawaambia watu wasiwe na mawe ya kupimia ya aina mbili kwenye mfuko mmoja, kubwa na dogo. Nikaweka Biblia chini. Maana ukiondoa neno mawe ukaweka neno madebe hapo ni nyumbani kwangu, ni kwenye stoo yangu nyuma ya mlango, yamepangwa yote mawili.

Hapa ndo nataka yule dada anisikie vizuri. Mimi nilidhani imani inakuja kwanza, unajisikia amani, moyo unatulia, ndo unatii. Kwangu haikua hivyo. Sikujisikia amani hata kidogo. Nilikua naogopa sana, nalala naamka napiga hesabu. Kilichonisaidia ni Petro kwenye Luka 5, amevua usiku kucha hajapata kitu, amechoka, na anamwambia Yesu wazi kwamba hawajapata kitu, alafu anasema "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Hasemi nimeamini sasa samaki wapo. Anasema kwa neno lako. Nikasema na mimi Bwana, sioni hii biashara itaendaje, lakini kwa neno lako.

Nikamweleza baba watoto. Alinyamaza muda mrefu kidogo, akaniuliza na ada je? Nikamwambia sijui. Akasema basi tuombe, tukapiga magoti pale pale sebuleni. Namshukuru Mungu kwa huyo mwanaume maana angeweza kunizuia na ningemsikiliza haraka sana.

Mwezi wa kumi na moja nilinunua mizani, nikahakikisha ina muhuri wa Wakala wa Vipimo. Debe kubwa nikampa fundi alikate bati atumie kwa kazi zake, maana nilijijua, likibaki stooni siku moja nitalirudia. Kisha nikaenda kwa mchungaji nikamweleza yote. Nilitegemea atasema tubu tu yaishe. Akanifungulia Hesabu 5 mstari wa 7, aliyemkosea mtu arudishe kamili na aongeze sehemu ya tano juu yake. Nikamuuliza na Zakayo, yule mtoza ushuru, si alisema atarudisha mara nne? Akasema Zakayo alijitolea kwa furaha, wewe anza na ya tano.

Nikafungua madaftari yangu ya manunuzi. Watu niliokua nawakumbuka kwa uhakika na idadi ya madebe yao walikua 14. Wa kwanza ni babu mmoja niliyenunua kwake misimu mitatu, debe 40 jumla. Mara kilo tatu ni kilo 120, ongeza ya tano yake 24, jumla kilo 144 za mahindi.

Msimu ule wa 2022 kwenda 2023 mvua zilikua za kusuasua, nanyi mnajua huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, ukiharibika umeharibika. Mahindi yalipanda bei mpaka watu wanauliza mara mbili wakidhani hawajasikia vizuri. Kwahiyo kurudisha mahindi mwezi wa pili 2023 ilikua sio sawa na kurudisha wakati wa mavuno, nilikua narudisha kitu cha ghali kuliko nilivyokichukua. Shetani alinishauri nisubiri mwezi wa saba yashuke bei. Ushauri wenyewe ulikua na akili kweli. Lakini mwezi wa pili ndo mwezi watu wa vijijini wanakua hawana kitu, wanaishi kwa mlenda na ugali wa kuhesabu, na mimi nilichukua kwao chakula, sikuchukua namba za kwenye daftari.

Nilifika asubuhi na kirikuu ya kukodi. Babu alikua amekaa kwenye kigoda chini ya mbuyu. Nikamwamkia kigogo, mbukwa babu, akaitikia, nikakaa chini. Nilikua nimepanga maneno mengi ya kueleza, yote yakapotea. Nikamwambia tu babu debe langu nililokua nakupimia lilikua kubwa kuliko haki, nimekuibia, nimekuja kurudisha. Nikaanza kulia.

Babu akaniangalia, akasema, "Mjukuu wangu, sisi tulikua tunajua." Akasema hilo debe hata watoto hapa wanalijua, ila ukija wewe tuna mtoto anaumwa, ama tuna harusi, ama tuna michango ya shule, tufanye nini, tunakuuzia.

Hayo maneno yaliniumiza kuliko kama angenifukuza. Miaka yote nilidhani wananiuzia bila kujua. Walikua wanajua, wananipokea, wananipa na karanga za kutafuna njiani. Bibi akatoka ndani, alipoona magunia akashika kichwa. Walikua wamebaki na debe moja la uwele ndani, watu saba. Nikaombewa pale mimi, mwizi, na watu niliowaibia, kwa kigogo, maneno mengine siyajui lakini nilisema amina.

Sasa msije mkadhani baada ya hapo milango ya mbinguni ikafunguka mahela yakamwagika. Mavuno ya 2023 nilinunua kwa mizani, nikauza kwa mizani, na faida yangu ilishuka karibu nusu. Wenzangu wa kwenye kenta walinikasirikia wakasema dada unatuharibia soko, wakulima sasa wanadai mizani kwa kila mtu. Safari mbili wakaniacha, nikatafuta usafiri wangu. Januari 2024 ada haikutosha, mtoto wa pili tulimtoa shule ya kulipia tukampeleka ya serikali hapa Nkuhungu. Mtoto alilia kwa sababu ya marafiki zake. Mimi nililia bafuni asinione.

Kipindi hicho nilikaa sana na yule mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Ana unga kidogo kwenye pipa na mafuta kidogo kwenye chupa, anaokota kuni mbili apike yeye na mwanae wale wafe. Nabii Elia anamwambia nifanyie mimi kwanza. Kwanza! Na ahadi ni kwamba "lile pipa la unga halitapunguka, wala ile chupa ya mafuta haitaisha" mpaka siku ya mvua. Nimeisoma hiyo habari tangu utotoni nikiona kichwani pipa limejaa mpaka juu. Soma tena mpendwa, haisemi popote pipa lilijaa. Inasema halikupunguka. Yule mama kila asubuhi alikua anachungulia anaona unga ule ule kidogo wa kutisha, anaukomba, anapika, kesho anachungulia tena. Alilazimika kutumaini kila siku upya, hakupewa gunia la akiba aweke stoo akapumzike. Mimi nilikua namwomba Mungu stoo. Yeye alikua ananipa kisado cha leo. Na nikirudi nyuma nahesabu, hatukulala njaa hata usiku mmoja na marejesho ya kikoba sikuchelewesha hata moja.

Wivu nao ulikuwepo, siwezi kuficha. Kuna jirani yangu sokoni anaendelea na debe kubwa, kajenga, kaezeka na bati za rangi. Nilikua napita pale roho inauma. Asafu kwenye Zaburi 73 naye alikua hivyo hivyo, aliona wasio haki wanastawi akakaribia kuteleza, mpaka alipoingia patakatifu pa Mungu. Nikajifunza kwamba siku nikimwangalia jirani kabla ya kusoma Neno siku hiyo yote naharibikiwa, kwahiyo nasoma kwanza ndo nafungua kibanda. Na sisomi sura tano tano tena. Nasoma sura moja, natafuta kitu kimoja ambacho inanitaka nifanye leo, naandika kwenye karatasi ya boksi nabandika nyuma ya mizani. Jioni naangalia kama nilifanya. Siku nyingine sikufanya, naiacha hapo hapo mpaka kesho.

Babu ananipigia simu mwenyewe siku hizi mahindi yakikauka, anasema njoo na mizani yako. Ananiitia na majirani.

Kwenye daftari majina 13 nimeshayapigia mstari. Limebaki moja, mama mmoja aliyekua ananiuzia mtama, debe 18, kilo 54 na nyongeza yake inakuja kama kilo 65. Niliambiwa kahamia Manyoni kwa mwanae baada ya mume kufariki na namba yake haipatikani. Mtama wake nimeshaupima, uko stooni umefungwa peke yake. Jumatano ijayo napanda basi la Singida nashuka Manyoni naanza kuulizia.