Erlang haisomeki? Mimi nasema inasomeka

Jamani wiki ya tatu hii naisoma Erlang, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nimekaa hapa Ngamiani na laptopu tangu asubuhi, na kila nikimwambia mtu wa programu jibu ni lile lile, "hiyo lugha mbaya haisomeki, rudi kwenye Python". Na mimi siku ya kwanza niliona hivyo hivyo, mikato na nukta zimejaa kila mahali, nikafunga faili nikaenda zangu kula urojo.

Lakini kuna kitu kikanifungua macho. Mkato unatenganisha hatua moja na inayofuata, nukta-mkato inatenganisha hali moja na nyingine, halafu nukta inafunga kila kitu, yaani kama sentensi tunavyoandika sisi kila siku! Na jina ukishalipatia thamani halibadiliki tena, kwa hiyo ukisoma mstari wa hamsini huna haja ya kurudi juu kutafuta nani kaligusa. Kwangu huko ndo kusomeka kwenyewe.

Watu wanaidharau kwa sababu ya sura tu. Ilianzia kampuni ya simu ya Ericsson kule Sweden mwaka 1986, Joe Armstrong na wenzake walitaka mitambo ya simu isizime hata kipande kimoja kikifa, na seva za WhatsApp zinaitumia, hizo hizo meseji za magrupu ya harusi mnazotumiana usiku kucha.

Jana kwa mara ya kwanza programu yangu imeanguka ikajiinua yenyewe, nimefurahi mno. Kama kuna mtu Tanga hapa anaijua anitafute tusome wote.