Majirani wa Usambara katika msitu wa Sokoke

Nilikwenda kutazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Kutoka Tanga hadi Gede, kando ya msitu huo, si mbali kwenye ramani, lakini utabadilisha magari mpaka uchoke: basi hadi Horohoro, mpaka wa Lunga Lunga, kivuko cha Likoni, kisha matatu ya Malindi. Nilishuka Gede jioni, nikala mahamri kwa mbaazi na kulala mapema. Saa kumi na moja alfajiri mwongozaji alikuwa mlangoni na darubini yake shingoni.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, na ndio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Ukiutazama kutoka barabarani utadhani ni pori moja tu. Kumbe ni mitatu. Upande wa bahari kuna mchanganyiko wa miti, mibambakofi ikiwamo. Katikati, penye mchanga mweupe, imesimama mirihi, ambayo sisi wa Tanzania Bara tunaiita miombo. Magharibi, udongo unageuka mwekundu na kuna vichaka vya miti ambayo wataalamu huiita Cynometra, vilivyoshonana hasa.

"Tazama udongo kwanza," aliniambia mwongozaji, Mgiriama aliyekulia ukingoni mwa msitu. "Ndege utamjua."

Kwenye mirihi tulimtafuta chozi wa Amani, ndege mdogo sana. Huko juu ndege wadogo hutembea kwa makundi ya mchanganyiko: unakaa kimya muda mrefu, mti haunong'oni, halafu matawi yote yanachangamka kwa mpigo na hujui umtazame nani. Shingo iliniuma. Hatimaye dume alijitokeza, kichwa cha kijani kinachong'aa, tumbo jeupe. Jina lake ni la Amani kule Usambara Mashariki, juu ya Muheza, na mimi nilikuwa nimevuka mpaka kuja kumwona!

Mwongozaji alicheka sana. "Basi na bundi pia ni wa kwenu," akasema.

Alisema kweli. Kibundi wa Sokoke, mwenye urefu usiozidi shubiri moja, hakujulikana kwa wanasayansi hadi miaka ya 1960, na mbali na hapa anaishi kwenye vilima vya chini vya Usambara Mashariki. Huku hukaa kwenye vichaka vya udongo mwekundu tu. Mwongozaji aliinama, akapenya miibani, akanyamaza kwa muda, kisha akanipungia mkono. Wawili walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye tawi la chini, mmoja wa kijivu, mwingine mwekundu kama udongo wenyewe. Jicho moja lilifunguka nusu, likafungwa. Kwa maoni yangu, hata kama ungeondoka bila kuona ndege mwingine, nauli imerudi.

Ndege mwingine wa msitu huu, mnana wa Clarke, sikumwona. Huyo hapatikani popote duniani nje ya kaunti ya Kilifi, na mahali anapotaga hapakujulikana hadi 2013, vilipopatikana viota vyake kwenye vidimbwi vya Dakatcha, kaskazini ya mto Sabaki.

Mchana tulishuka hori la Mida, mwendo mfupi wa bodaboda, tukatembea juu ya njia ya mbao iliyopita katikati ya mikoko. Hapo hakuna kuinua shingo. Ndege walao kaa, weupe kwa weusi, mdomo mnene kama kisu cha mchinjaji, walisimama matopeni kwa mamia. Hawa ni wageni wa kaskazi: huzaliana kwenye fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu na Ghuba, Oman ikiwamo, na tofauti na jamaa zao wengine, huchimba mashimo mchangani na kutaga humo.

Ukipanga kwenda, nenda kati ya Oktoba na Machi, na uulize kwanza saa ya maji. Yakipwa kabisa, ndege husambaa mbali hata darubini haiwafikii. Fika yanapoanza kujaa, ili yawasukume kuja upande wako.