Siku moja maishani mwangu: vipimo vya mvua, gololi 20 na kina mama wa mwani Tanga

Watu wakiskia nafanya kazi ya mabadiliko ya tabianchi wanajua nashinda naangalia mawingu, kuna jirani yangu hapa Makorora kila akianua nguo ananiuliza leo vipi. Hayo ya leo na kesho wanayo Mamlaka ya Hali ya Hewa bwana, mi kwenye mradi wetu nakusanya vipimo vya mkoa huu, naangalia vimebadilika vipi kwa miaka mingi, afu naenda kwa watu nawaambia tunachokijua na tusichokijua. Hicho cha pili ndo kazi yenyewe. Basi nimechukua siku moja ya mwezi wa kumi, vuli iko mlangoni, niwaonyeshe inavyokwenda.

Saa 12 na nusu asubuhi

Chai ya rangi, bajia za jana, baiskeli, kazini. Tanga bila baiskeli si Tanga. Hapa sina la kusimulia.

Saa 3 asubuhi

Hii ndo saa ya kusoma kipimamvua, vituo vyote nchi nzima vinasoma saa 3, na watu wetu wa kujitolea vijijini wanafanya hivohivo, wanatuma kwenye grupu la WhatsApp. Simu inalia kama kuna msiba. Leo mwalimu mmoja wa upande wa Handeni kaandika 52, wenzie wa jirani wana 4 na 6, nikampigia, kumbe ni 5.2 nukta haikuingia. Milimita 52 ingeingia hivohivo kwenye faili, miaka ishirini mbele kuna mtu angekaa Dar akaandika kwamba Handeni kulipiga mvua kubwa siku hiyo.

Lakini tatizo kubwa kuliko nukta ni kuachwa wazi. Mtu akiona mvua haijanyesha anaona hamna haja ya kuandika, anaacha. Sasa nafasi iliyo wazi mi nitajuaje kama ilikuwa kavu au mwenyewe alikwenda harusini Korogwe? Sifuri ni kipimo jamani. Nimeimba hii mpaka wamenipa jina Mama Sifuri.

Saa 4 na nusu

Kompyuta. Modeli kubwa za dunia, yaani programu za kompyuta zinazoiga hali ya hewa, zinaigawa dunia maboksi maboksi, boksi moja upande mmoja unafika kama kilomita 100. Chukua boksi hilo uliweke hapa kwetu: ndani mna bahari, mna Tanga mjini, mna machungwa ya Muheza na mna Amani juu kule Usambara. Amani inapata karibu milimita 2000 kwa mwaka, mjini hapa 1300 hivi, halafu ukishuka Handeni kukavu kabisa. Kwa modeli hao wote ni mtu mmoja. Zipo modeli za kanda zenye maboksi madogo, kilomita 50, nyingine 25, zinauona mlima vizuri zaidi, ila nazo zinalishwa na zile kubwa, kwahiyo kosa la mama linarithiwa na mtoto.

Katikati ya hayo akapiga mtu wa ofisi fulani anaandaa mpango wa miaka mingi, anataka namba moja ya mvua ya 2050. Moja tu, kuna kiboksi kwenye jedwali. Nikamwambia kaka, tuvitenganishe vitu. Joto: linapanda, modeli zote zinakubaliana, ripoti ya sita ya IPCC, lile jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi, ya 2021 inasema dunia tayari imepanda kama nyuzi 1.1 ukilinganisha na 1850 hadi 1900, hapo hamna ubishi ni kiasi tu. Bahari: inapanda, kwa wastani wa dunia kama sentimita 20 toka 1901 mpaka 2018, na spidi inaongezeka. Mvua sasa, hapo ndo pagumu. Modeli nyingi zinasema Afrika Mashariki mvua itaongezeka karne hii, lakini masika zetu kuanzia miaka ya 1980 mpaka 2000 na kitu zilionekana kupungua, wataalamu wamegombania hilo miaka na miaka, afu zikaja masika za 2018 na 2020 zikamwaga vibaya sana. Kwahiyo nikupe mwanya, kuanzia hapa mpaka hapa.

Akasema sawa dada, basi nachukua katikati.

Hapo ndo huwa nanyanyuka kwenye kiti kabisa. Modeli hii inapandisha mvua, ile inashusha, ukichukua katikati unaweza kupata karibu na sifuri, na sifuri kwenye jedwali la mpango inasomeka "mvua haitabadilika", ujenzi wa daraja unaendelea kama zamani. Wakati hamna modeli hata moja iliyosema haitabadilika! Tumemalizana kwa kugawa kile kiboksi viwili, mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame, kila kimoja na gharama zake. Alinuna kidogo ila alikubali.

Saa 7 mchana

Kijiji kimoja cha pwani upande wa Mkinga. Ni bamvua, zile siku maji yanajaa na kukupwa kupita kawaida, na yalikuwa yamekupwa asubuhi ya saa nne, kina mama walikuwa shambani kwenye mwani, kwahiyo kikao hakianzi mpaka maji yajae na wao watoke, hamna barua ya mwaliko inayoweza kubadili hilo. Walikuja na kanga zimelowa mpaka magotini. Shikamoo, marahaba mwanangu, habari za mjini, tukakaa.

Hawa joto la bahari hawahitaji kusimuliwa. Cottonii, ule mwani wenye bei, kwenye maji ya kina kifupi yakipata moto unakuwa mweupe, unalainika, unakatika vipande, umebaki spinosum ambao unavumilia ila bei yake ndogo. Wanachotaka kujua ni vuli, maana mvua nyingi zinaingiza maji yasiyo na chumvi shambani na mwani uliovunwa haukauki.

Nikatoa mfuko wa gololi 20. Tufanye utabiri wa msimu unasema uwezekano wa mvua kuwa juu ya wastani ni asilimia 45, kuwa ya wastani 35, kuwa chini ya wastani 20: bluu 9, nyeupe 7, nyekundu 4. Dada mmoja akachomoa, nyekundu. Wakacheka, "haya, ukame huo!" Nikawaambia ndo hivo, nyekundu nne zimo humu na zinatoka, zikitoka haina maana mfuko ulidanganya. Mpaka hapo nilikuwa najiona mwalimu mzuri.

Afu bibi mmoja mkubwa mkubwa hivi, hakutaka kabisa kuingiza mkono, akasema: "Mwanangu, hizo bluu tisa nani kazihesabu? Mimi naona umezinunua dukani."

Sijawahi kuulizwa swali zuri kama hilo na mtu mwenye digrii. Nikamjibu bibi, kompyuta inaanzishwa mara nyingi, kila mara tunabadilisha kidogo tu hali ya mwanzo ya bahari na hewa, tunaangalia ngapi zimeishia kwenye mvua nyingi, hizo ndo bluu. Bahari ina uzito sana hapo, upande wetu wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko kawaida yake na upande wa Indonesia ukapoa, vuli inanona, mnakumbuka 2019 mafuriko ya mkoa huu, mwaka ule wala hakukuwa na El Niño ya maana, lile joto la Bahari ya Pasifiki, ilikuwa bahari hii hii yetu. Akaitikia, afu akarudi palepale: "Na miaka mliyosema bluu nyingi, bluu ilitoka?"

Hapo ndo kipimo cha kweli cha utabiri kilipo. Ukikusanya misimu yote uliyosema 45 kwa 100, je mvua nyingi ilikuja karibu mara 45 kwa 100? Kama ilikuja mara 20 basi gololi zako kweli ni za dukani. Vuli inatabirika kuliko masika, hilo nikamwambia wazi, masika ukinisikia najiamini sana nitilie shaka. Wakakubaliana wenyewe: watengeneze chanja za kuanikia zilizoinuka na turubai, kazi ya siku chache, mvua isipokuja hawajapoteza kitu cha kulilia, ila kuhamisha shamba zima kwa sababu ya gololi tisa hapana. Sikuwashauri mimi. Watu wa pwani wanaingia baharini kila siku bila uhakika, ukiwapa hesabu kamili wanaijua pa kuiweka.

Saa 11 jioni

Redio, dakika nane. Mtangazaji kijana mchangamfu, swali la kwanza: "Kwahiyo Tanga itazama, ndiyo au hapana?" Na akawa na ushahidi, Maziwe, kisiwa cha pale Pangani kilichokuwa na miti na kasa wakitaga, leo ni fungu la mchanga linafunikwa maji yakijaa. Nikasema Maziwe ni kweli, lakini miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, mawimbi yakala, na kupanda kwa bahari kukisukuma kila kitu mbele kidogo, ukimtwisha mmoja mzigo wote kesho watu watakata mikoko wakisema ni tabianchi. Akauliza tena ndiyo au hapana. Nikasema bahari kupanda ndiyo, Tanga kuzama siku fulani hapana, bamvua kuingia kwenye nyumba ambazo zamani halikufika, ndiyo. Muda ukaisha.

Saa 3 usiku

Grupu la mtaa: "EL NINO INAKUJA WANASAYANSI WATHIBITISHA", imesambazwa mara nyingi, picha ya mafuriko ambayo hata si ya nchi hii. Nimetuma voisi ya dakika moja, jirani wa nguo kajibu kwa emoji ya mwavuli. Sasa nafungua faili la misimu iliyopita, kila vuli tulichosema na kilichonyesha, mahali tulipokosa napiga rangi nyekundu, naichapa karatasi kubwa. Bamvua lijalo nampelekea bibi.